Bustani Inayopakiwa Lorini: Kutoka Ndeeba hadi Mlango wa "Mama Ingia Pole"

Msafiri aingiaye Kampala kwa barabara ya Masaka hawezi kuipita Ndeeba bila kuitambua. Kabla macho hayajaona kitu, masikio husikia misumeno ya umeme ikilia, na pua hupokea harufu ya paini iliyopasuliwa asubuhi ile ile. Pande zote mbao zimesimamishwa zikiegemea vibanda, na chini unga wa mbao umetanda kama zulia. Hapa ndipo wakazi wengi wa jiji hujia kutafuta mbao za paa, za vitanda na za majeneza. Mimi nilifika hapo mwezi wa Machi, mvua za masika zikianza, nikimfuata mke wa koplo mmoja wa polisi aliyekuja kununua ubao mmoja tu.

Ndugu msomaji, huenda ukacheka kwamba safari nzima ilikuwa ya ubao mmoja. Nami nilicheka. Lakini mama yule alinieleza jambo ambalo kila familia ya askari inalifahamu. Katika miaka 9 ya ndoa yake amekaa kambi 3, na katika kila kambi alipanda mchaichai na mboga za viungo kando ya mlango. Kila mara amri ya uhamisho ilikuja kabla hajavuna vya kutosha. "Bwana hupakia vitanda, masufuria na watoto," alisema, "lakini ardhi haipakiwi lorini. Nimewalimia watu nisiowajua."

Wazo la sanduku alilipata Kyanja, kwenye kituo cha mafunzo ya kilimo kinachoendeshwa na Mamlaka ya Jiji la Kampala, ambako wananchi huonyeshwa namna ya kuotesha mboga mahali padogo. Nyumbani, hata hivyo, wazo hilo halikupokelewa vizuri. Mumewe alimwuliza: "Nyumba si yetu, kiwanja si chetu, kwa nini tuifungue mifuko yetu?" Naye akajibu kwa upole kwamba ni kwa sababu hiyo hasa ndipo alipotaka bustani yenye mbao, iwe mali yao wenyewe.

Pale Ndeeba uchaguzi wa mbao ulichukua saa nzima. Mvule ndio mfalme: hauliwi na mchwa kwa urahisi na huvumilia maji miaka mingi, ila umeadimika na bei yake si ya mfuko wa koplo. Kirundu ni chepesi na rahisi, lakini huoza upesi kikilowa. Mwishowe mama alichukua paini iliyokauka vizuri, isiyo na nyufa wala mafundo makubwa. Mchuuzi mmoja alimletea vipande vya nguzo za umeme kwa bei ya kutupa, naye akavikataa kabisa. Alifanya vema, kwani nguzo hizo hulowekwa dawa kali za kuzuia wadudu, na dawa hizo hazifai kugusana na udongo wa chakula. Hali kadhalika, oili chafu ya gari, ambayo wengi hupaka mbao ili mchwa wasiziguse, isipakwe kamwe ndani ya sanduku la mboga.

Ubao ulikuwa wa futi 12, upana inchi 10, unene inchi 1. Fundi aliukata vipande viwili vya futi 3 viwe ubavu, viwili vya inchi 10 viwe vichwa, na kimoja cha inchi 34 kiwe sakafu. Katika kipande kilichobaki alichana fito mbili za inchi 12 ziwe miguu. Basi ubao mmoja ukatosha sanduku zima, na kilichosalia kikawa kuni za jioni.

Tukapanda matatu tukaelekea kambini. Jina la kambi hiyo sitalitaja, kwa kuwa zinazofanana nayo ni nyingi. Familia hiyo huishi katika kile kibanda cha bati cha duara ambacho askari wa Uganda, tangu enzi za wakubwa wao, wamekibatiza jina la "mama ingia pole", maana mlango wake ni mfupi na asiyeinama hukumbushwa kwa kipaji cha uso. Saa sita za mchana bati huwaka kama kikaango. Kati ya kibanda na kibanda kuna njia nyembamba ya kuanikia nguo, na ardhi yake imekanyagwa ikawa ngumu kama saruji. Hapo jembe halina kazi.

Koplo alikuwa amerudi kutoka lindo la usiku. Alikaa kitini akitutazama tukihangaika na nyundo, kisha akasimama bila kusema neno akaishika keke. Alitoboa kwanza matundu membamba karibu na ncha za mbao, ili misumari isizipasue, halafu akavipigilia vichwa katikati ya ubavu mbili. Sakafu aliiingiza ndani, akiiachia nafasi ndogo pande zote, kwa kuwa mbao ikilowa huvimba na ikibanwa husukuma ubavu. Katika sakafu akatoboa matundu 8 ya nusu inchi ya kupitisha maji. Fito mbili zikapigiliwa chini kwa kukingama, zikiishika sakafu na kuliinua sanduku lisilale matopeni. Mwisho akafunga kamba nene kila upande, ziwe mikono ya kubebea. Nje alipaka rangi ya mafuta iliyobaki koponi, na ndani hakupaka kitu.

Kazi ya udongo ilikuwa ya mama na watoto. Walitandika kipande cha gunia kuukuu juu ya matundu, maji yapite na udongo ubaki. Kisha walichanganya sehemu 2 za udongo mweusi, sehemu 1 ya samadi iliyooza mpaka ikapoteza harufu, na sehemu 1 ya mchanga. Zilihitajika ndoo mbili na kitu, kwa ndoo ya lita 20. Mtoto mmoja alitaka kuongeza unga wa mbao kutoka Ndeeba, mama akamzuia: unga mbichi wa mbao, ukianza kuoza ndani ya udongo, huinyang'anya mimea chakula chake, na majani hugeuka ya manjano.

Upande mmoja alipanda kijiti cha rozimeri, ambayo hupenda udongo usiolowa mno. Katikati alipanda mrehani na vitunguu vya majani, na upande wa pili akasia mbegu za dania alizozivunja kwanza kwa kuziviringisha chini ya chupa. Mnanaa aliupanda katika kopo lililotobolewa chini, kisha akalizika kopo humo humo, kwa kuwa mnanaa una tabia ya mpangaji mkorofi: hutambaa chini kwa chini mpaka majirani wote wakahama. Mchaichai, ambao hukua ukawa kichaka, aliutengea ndoo yake mbovu. Sanduku likawekwa upande wa mashariki, lipate jua la asubuhi, na liwe mbali kidogo na bati lisichomwe na joto lake. Kumwagilia ni asubuhi, baada ya kuchovya kidole: kidole kikitoka na ubichi, maji yangojee.

Nilirudi kambini hapo mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimepungua na vumbi limeanza kupanda. Dania ya kwanza ilikuwa imekwisha kuliwa, na ya pili ilikuwa imefika kimo cha kidole. Harufu ya mrehani ilinipokea kabla sijainama mlangoni. Mama alinikaribisha chai ya mchaichai, lakini niliona masanduku ya nguo yamefungwa kamba. Amri ya uhamisho ilikuwa imefika juma lililopita, nao walitakiwa Gulu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilitafuta neno la kumpa pole, nikakosa. Koplo ndiye aliyelivunja lile kimya. Alikuwa amekaa mbele ya sanduku na futi kamba mkononi, akipima. "Afande dereva amesema lori lina nafasi nyuma ya kabati," alimwambia mkewe. "Usilimwagilie kesho, udongo ukauke kidogo, lisitushinde kubeba. Na tulifunike gunia, upepo wa njiani usije ukakausha majani." Mama alinitazama akatabasamu, asiseme kitu.

Asubuhi ya kuondoka watu wawili walishika zile kamba na kulipandisha sanduku lorini, zito kuliko nusu gunia la mahindi. Kabla hajapanda yeye, mama aliupasua mchaichai mara mbili. Nusu moja ilibaki katika ndoo ya safari. Ile nusu nyingine aliichimbia shimo kando ya mlango, mahali alipoilainisha ardhi kwa maji ya kuoshea vyombo muda wa miezi minne, akaipanda na kuikanyagia udongo kwa kisigino.

Nilimwuliza ni nani atakayeinywa. Akajibu kwamba hamjui, lakini bila shaka ni mke wa askari, naye atafika amechoka na safari, watoto wakilia, wala hatajua duka liko wapi. Akamwita mwanawe mdogo aliyekuwa bado kibandani, akamkumbusha kuinamisha kichwa, nao wakapanda.