Dhamana Si Zawadi, Hata Kwa Kesi ya Bangi

Ukishikwa leo na mzigo wa bangi, swali la kwanza kortini halitakuwa kama una hatia. Hilo litakuja baadaye, na linaweza kuchukua mwaka ama miaka. Swali la kwanza ni hili: utalala wapi mpaka hiyo siku ifike? Nyumbani ama rumande?

Naleta hii stori kwa sababu kila picha ya kijana amesimamishwa kando ya magunia ya bangi ikizunguka kwa simu zetu, maneno huwa ni yale yale. "Fungia huyo." "Dhamana ya nini sasa?" "Hao ndio wanamaliza watoto wetu." Hasira naielewa kabisa. Sisi watu wa Kianjai tunajua vijana walioanza kuvuta kidogo nyuma ya ploti na leo hata mama zao wameshindwa nao. Sitetei hiyo biashara. Lakini kuna kitu tunachanganya. Kumshika mtu na kumhukumu ni vitu viwili, na katikati yake kuna mlango unaoitwa dhamana.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inasema ukikamatwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata kama hizo saa zimeishia usiku ama wikendi. Inasema pia una haki ya kuachiliwa kwa bondi ama dhamana, kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kukunyima. Soma tena polepole. Haijasema isipokuwa kesi iwe ya dawa za kulevya. Kenya hii, hata mtu wa kesi ya mauaji anaruhusiwa kuomba dhamana. Na mwenye kazi ya kuonyesha hizo sababu ni upande wa mashtaka, si wewe. Wanaweza kusema utatoroka, ama utatisha mashahidi, ama ulishawahi kupewa dhamana ukapotea. Sawa. Lakini waseme kukuhusu wewe, na walete kitu cha kuonyesha. "Mihadarati ni janga" ni ukweli, ila ukweli huo haumhusu mtu fulani aliyesimama pale kizimbani.

Hicho kifungu hakikushuka kutoka mbinguni. Wazazi wetu waliishi Kenya ambayo mtu angechukuliwa usiku na kuwekwa kizuizini bila kesi yoyote. Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa mwisho wa 1977 akakaa Kamiti karibu mwaka mzima, na hakuna korti iliyosikiza kesi yake, kwa sababu hakukuwa na kesi. Halafu 1988 Bunge likabadilisha Katiba ya zamani ili polisi waweze kukaa na mshukiwa wa kosa la kunyongwa hadi siku 14 kabla ya kumpeleka kwa hakimu. Shika hiyo namba, 14.

Siku hizi inasikika tena, ingawa kwa njia nyingine. Sheria za usalama za Desemba 2014 ziliingiza kifungu cha 36A kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kinaruhusu polisi kuja kortini bila mashtaka na kuomba mshukiwa aendelee kuzuiliwa ndio wamalize uchunguzi. Hakimu anaweza kutoa hadi siku 30 kwa amri moja, na jumla isipite 90. Ukifuatilia kesi za mihadarati umesikia: "Polisi wamepewa siku 14." Tofauti na 1988 iko, tena kubwa. Sasa lazima ufike mbele ya hakimu, afisa aandike kiapo kueleza sababu, na wewe usikizwe. Shida ni pale msee anaposimama bila wakili, anaulizwa kama ana pingamizi, na anajibu hana kwa sababu hata hajui pingamizi ni nini.

Kuna kijana wa kwetu, mtu wa boda. Sitamtaja yeye, wala kituo, wala korti. Alipewa mzigo apeleke mahali, akaahidiwa mia tano, akasimamishwa njiani. Ndani kulikuwa na bangi. Anasema hakujua. Mimi siwezi kukuambia kama alijua ama hakujua, wala wewe huwezi. Hiyo ndiyo kazi ya kesi. Akaulizwa kama ana pingamizi, akasema hana. Siku 14 zikapita. Halafu akashtakiwa kwa ulanguzi, si kwa kupatikana nayo tu, kwa sababu kwa sheria yetu hata kusafirisha kunahesabika kuwa ulanguzi. Akapewa bondi ya laki tano na mdhamini wa kiasi hicho hicho.

Watu wakasema, "Si amepewa dhamana?" Manze, tuongee ukweli. Shamba la kwao liko, na miraa iko ndani, lakini hati iko kwa jina la babu yake aliyekufa zamani, na kesi ya urithi haijawahi kufunguliwa. Mama yake anauza ndizi sokoni. Mjomba mwenye logibuku ya Probox aliogopa jina lake kuingia kwa kesi ya bangi. Kwa hiyo kwenye karatasi alikuwa amepewa dhamana, na yeye mwenyewe alikuwa rumande miezi saba. Boda ilikuwa ya mkopo, wenye mkopo wakaichukua. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa akiwa ndani.

Huko ndani kuna ushauri wa bure: kubali makosa, omba msamaha, malizana na hii kitu. Mama yake aliposikia hivyo alikuja kwetu usiku akitetemeka, na alikuwa na sababu. Tangu sheria ya mihadarati ibadilishwe mwaka 2022, ulanguzi wa zaidi ya gramu 100 unaweza kukuletea faini ya kuanzia milioni 50 ama kifungo cha miaka 50. Gramu 100 ni kama kipande kimoja cha sabuni ya kuogea. Na mtu aliyechoka kulala kwa sakafu anaweza kusema ndio kwa jambo kama hilo, ili tu aone mwisho. Ikifika hapo, rumande si ya kulinda mashahidi tena. Imekuwa ya kumfinya mtu mpaka aseme ndio.

Alitoka vipi? Wakili mmoja alikubali kumsaidia bila malipo, akapeleka ombi Mahakama Kuu, na kiwango kikapunguzwa. Leo anaenda kortini kila tarehe ya kutajwa, hajakosa hata moja. Kesi bado inaendelea. Ikipatikana ana hatia, atafungwa. Hakuna mtu wa kwao anakataa hilo.

Najua mtauliza: na kina Akasha je? Swali zuri, na lijibiwe. Baktash na Ibrahim Akasha walishikwa Mombasa Novemba 2014, Marekani ikiwataka kwa kesi ya heroini. Walipata dhamana, na kesi ya kuwapeleka huko ikaburutwa hadi Januari 2017, ndipo wakatiwa kwa ndege kwenda New York. Huko walikubali makosa. Baktash akapata miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Watu husimulia hii stori kuonyesha kwamba dhamana ni mbaya, lakini huruka sehemu moja. Waendesha mashtaka wa Marekani walieleza jinsi ndugu hao walivyohonga maafisa wa Kenya ili safari hiyo icheleweshwe. Kilichowaweka nje muda huo wote si huruma ya Kifungu cha 49 peke yake, ni doo. Ukifunga mlango wa dhamana, mwenye mamilioni atanunua dirisha. Atakayebaki ndani ni yule wa mia tano.

Na kufunga huo mlango kulishajaribiwa. Zile zile sheria za usalama za 2014 zilikuwa na kifungu kingine, 364A, kilichoruhusu amri ya kukuachilia kwa dhamana isimamishwe huku upande wa mashtaka ukijiandaa kuipinga. Yaani hakimu amesema uende nyumbani, na bado hauendi. Muungano wa CORD na wengine wakaenda Mahakama Kuu, na tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wakakitupa nje kwa sababu kinavunja haki ya dhamana. Kifungu cha 36A bado kiko hadi leo.

Sasa vuka mpaka pale Namanga uone vile mambo yangekuwa. Tanzania wana kifungu kwenye sheria yao ya mwenendo wa makosa ya jinai, chenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana kabisa. Kesi iliyokuja kuitwa ya Dickson Sanga ilikipinga. Mei 2020 Mahakama Kuu ikakubali kwamba kinavunja Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Ulanguzi wa dawa za kulevya ulikuwa kwenye hiyo orodha. Na sheria yao ya dawa za kulevya ya 2015 inataja pia mirungi: uzito ukizidi kiwango kilichowekwa, hakimu hana la kuamua, unabaki ndani.

Mirungi ni nini? Ni miraa. Ni hili jani letu lililolipa karo ya nusu ya watu wanaosoma hapa kutoka Tigania na Igembe. Kwetu ni zao halali la shambani. Uingereza liliharamishwa Juni 2014. Kwa hiyo mtu yule yule, na kibunda kile kile, ni mkulima Kianjai na mlanguzi Arusha. Hiyo inanifunza kitu kimoja: jina la kosa peke yake halitoshi kuamua kama mtu ni hatari. Lazima mtu mwingine, asiyemjua na asiyemchukia, aangalie huyu aliye mbele yake na kuamua. Wazee wa Njuri Ncheke pale Nchiru wanajua hivyo tangu zamani: faini hailipwi kabla kesi haijasikizwa.

Kwa hivyo siku mtu wako akishikwa, usianze na kulia. Uliza kwanza: ameshtakiwa, ama ni ombi la kuzuiliwa tu? Kama ni ombi, ana haki ya kulipinga, na neno lenyewe ni "napinga". Aulize kile kiapo kinasema nini kumhusu yeye. Amwambie hakimu anaishi wapi, nani wanamtegemea, kazi yake ni gani. Korti inaweza kuagiza afisa wa probesheni aje mpaka kwenu kuulizia, kwa hivyo majirani wajue la kusema, na waseme ukweli. Kama bondi ni mlima, msikae kimya. Kifungu cha 123 cha ile sheria ya mwenendo kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuipunguza. Na mtu asikubali makosa kwa sababu ya kuchoka. Hata akipatikana na hatia baadaye, sheria inataka siku alizokaa rumande zihesabiwe kwenye kifungo.

Mlanguzi wa kweli namtaka ndani kama wewe unavyomtaka. Namtaka ndani baada ya hukumu, kwa ushahidi, ili asipate pa kutokea. Tukizoea kufungia watu kwanza na kuuliza baadaye, polisi hawana haja ya kufanya uchunguzi, na yule aliyemtuma kijana wa boda na ule mzigo bado yuko nje anatafuta boda ingine.

Na jambo la mwisho, ambalo halihitaji wakili wala hakimu. Kama shamba la kwenu bado liko kwa jina la mtu aliyekufa, kaeni chini kama familia muanze hiyo kesi ya urithi mwezi huu. Siku ya kutafuta mdhamini huwa haipigi hodi.