Tumbawe Lililojikunja

Mwaka 2011, nilipokuwa nimekwisha kukaa London miaka saba na hamu ya bahari ya Jambiani, Unguja, ingali moyoni, nilinunua hodhi la kioo la lita 180, nikalijaza maji yaliyokorogwa na chumvi ya kutengenezwa, nikatia mawe, samaki wanne wadogo na tumbawe laini moja la jamii ya Sarcophyton, ambalo umbo lake ni la uyoga na mguso wake ni wa ngozi. Jamaa zake nilikwisha kuwaona utotoni, maji ya bamvua yanapokupwa na mwamba ukabaki wazi, wamelala juu ya mawe wamenywea, nasi watoto tukiwaruka kuwafuata mama zetu waendao kutafuta pweza. Lakini sikuwahi kuwatazama wakiwa majini, wamechanua, kila polipu imekunjua minyiri minane yenye vitawi mfano wa unyoya, na nilipolishuhudia jambo hilo jioni moja ya baridi, chumbani mwangu, chakula changu kilipoa mezani.

Furaha hiyo haikudumu. Kabla mwezi haujatimia tumbawe lilijikunja, nami nikajitia katika utabibu nisiokuwa na ilimu nao. Sababu ya awali ilikuwa kipimo: nilikuwa nikipima chumvi kwa kidude cha plastiki chenye mkono unaoelea, na viputo vya hewa, ambavyo aghalabu jicho halivioni, huunata mkono huo na kuuinua, hata nikasoma sehemu 35 kwa elfu ilhali maji yalikuwa na 29 tu. Nilipopata chombo kipimacho chumvi kwa kupinda kwa nuru, ukweli ulidhihiri. Nikaipandisha chumvi taratibu kwa majuma mawili, na tumbawe likafunguka.

Likaja kosa la pili, ambalo hata leo nikilikumbuka huniuma. Tumbawe lilifunga tena, likavaa utando wa kijivu uliong'aa kama nta, na siku ya tano, nikiwa na yakini kwamba limekufa, nililitoa nikalitupa. Sikujua ya kuwa jamii hii ina ada ya kujivua: hufunga polipu zake kwa siku kadhaa, pengine zaidi ya juma, kisha huuacha utando ule uende na mkondo pamoja na mwani na taka zilizougandia, na kwamba msaada pekee linaouhitaji wakati huo ni maji yapitayo kwa nguvu ya kiasi. Nilitupa kiumbe kizima.

Kwa majuto hayo nilinunua la pili, pamoja na Sinularia lenye matawi kama vidole, nikaapa kwamba safari hii hakuna uchafu utakaoyafikia. Nilifunga chombo cha kuengua povu, nikaweka chembechembe za chuma zinyonyazo fosfati, nikabadilisha robo ya maji kila juma, na daftari langu likajaa sifuri: nitrati sifuri, fosfati sifuri. Nilizifurahia sifuri zile kama mwanafunzi anavyofurahia alama. Lakini matumbawe yalizidi kupauka na kudumaa, ingawa joto lilikuwa nyuzi 25 wala halikuyumba. Nikadhani yanatiliana sumu, maana ni kweli kwamba jamii hizi mbili hutoa majini kemikali za kumdhuru jirani, nikaweka mkaa wa kuchujia na kuubadilisha mara kwa mara. Pasiwe na nafuu.

Mwaka 2014 baba yangu alifariki, nikaenda Unguja kwa mazishi na hitima, nikakaa huko majuma manne. Hodhi nilimwachia mke wangu, na maagizo kurasa mbili, ambayo, kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga na kazi zake, hakuyafuata. Chombo cha povu alikizima kwa sababu mngurumo wake ulimwamsha mtoto, maji hakuyabadilisha, na samaki aliwalisha kwa mkono mkunjufu, kama tulivyolelewa kuwalisha wageni. Usiku mmoja akanipigia simu: "Baba Rukia, pole na msiba. Nilitaka nikwambie, uyoga wako umefunguka wote." Sikumsadiki.

Niliporudi nilipima hata kabla ya kufungua sanduku. Nitrati miligramu 8 kwa lita, fosfati 0.06, na matumbawe yote mawili yamerejea rangi ya hudhurungi iliyokoza, ambayo ndiyo rangi ya mwani wa chembe moja uishio ndani ya miili yao na kuwapikia sukari kwa nuru. Mwani ule, kama mmea wowote, hauishi kwa nuru peke yake. Hutaka naitrojeni na fosforasi, na mimi kwa miaka miwili nilikuwa nikizitoa zote majini, nikiita kazi hiyo usafi. Nilichokuwa nikikitibu kama maradhi kilikuwa njaa.

Tangu hapo chombo cha povu hufanya kazi mchana tu, na chembechembe za chuma zimo kabatini. Mwezi uliopita uyoga ulifunga na kuvaa nta yake. Niligeuza pampu kidogo ili mkondo uupitie juu, nikaweka mikono yangu mbali. Siku ya tisa, asubuhi, utando ulichanika ukingoni, ukapeperuka kama kitambaa, na mwanangu Rukia, ambaye sasa ana umri wa kuuliza kila jambo, akasimama mbele ya kioo akihesabu minyiri ya polipu moja mpaka akafika minane.