Mboga za Majani na Mboga za Matunda Hazili Sawa

Watu wengi wa kwetu husema kwamba mbolea ni mbolea. Ukiutilia mmea, utakua na kuzaa. Mimi ni karani mjini Kitale, na nyumbani kwetu ni Bungoma, nami nalima bustani ya mboga katika sehemu zote mbili. Kwa kuwa nimeyatazama mashamba hayo kwa miaka kadhaa, naomba kuwaeleza wasomaji kwa nini usemi huo huwala watu fedha.

Chakula tunachokizungumzia ni naitrojeni, ambayo huyapa majani unene na rangi ya kijani. Gunia la yurea la kilo 50 lina kilo 23 za naitrojeni, na gunia la CAN lina kilo 13 hivi. Sukuma wiki huitaka siku zote, maana kila tuchumapo majani twaipeleka naitrojeni ya shamba sokoni, na mmea hauna budi kutengeneza majani mengine. Huo haushibi upesi.

Nyanya ina tabia nyingine. Kwanza hujenga mizizi na majani, kisha matunda yakishika, yenyewe ndiyo huwa mabwana. Sukari inayotengenezwa na majani humiminika kwao, mizizi hupunjwa, hata naitrojeni iliyomo katika majani ya chini huhamishwa, nayo majani hayo hugeuka manjano. Basi ukiumwagia mmea mbolea nyingi ya kukuzia kabla ya maua kushika, utapata kichaka kizuri cha kutazama, na matunda yatachelewa. Afadhali kuigawa: kidogo mwanzoni, na nyingine tangu vitunda vya kwanza vinapolingana na gololi.

Kaka yangu wa Bungoma hulipa karo za watoto wake kwa nyanya, kwa hiyo jambo hili kwake si la mzaha. Yeye alipenda kutia mbolea yote mara moja, apumzike. Msimu mmoja nilimwomba anipe mistari minne, nikaigawa mbolea kiasi kile kile mara tatu. Mistari yake ilipendeza zaidi kwa majani. Yangu ilitangulia kwenda sokoni. Alisema ni kwa sababu mistari yangu ilikuwa karibu na maji. Hata hivyo, msimu uliofuata aliigawa mbolea yake, wala hakunieleza sababu.

Hali ya nchi nayo ina neno lake. Kitale iko kama meta 1,900 juu ya bahari, na Bungoma kama meta 1,400, kwa hiyo Kitale kuna baridi zaidi. Katika udongo wa baridi vijidudu vinavyoozesha samadi hufanya kazi polepole, na naitrojeni yake huchelewa kutoka. Tena mawingu ya Julai yakifunika jua, mmea hukosa nguvu ya kuitumia naitrojeni uliyopewa. Majani huwa laini na kusongamana, nao ugonjwa wa bakajani hupata makao. Huko Bungoma samadi huoza upesi, lakini mvua kubwa huizamisha naitrojeni chini kuliko mizizi ifikapo. Atiaye gunia zima kabla ya mvua kama hiyo hulisha mto.

Mama yetu, ambaye hajapata kulitaja neno naitrojeni, huchuma maua ya mgagani (wengi huuita saga) kila yanapochomoza. Mmea ukizuiwa kuzaa mbegu huendelea kutoa majani, na chakula ambacho kingekwenda kwenye mbegu hubaki kwenye mboga. Kunde nazo zina vifundo mizizini vinavyojipatia naitrojeni kutoka hewani, lakini maganda yakianza kujaa, vifundo hivyo hupungukiwa na sukari na kulegea. Kwa hiyo ambaye ataka kisamvu cha kunde huchuma mapema, naye atakaye mbegu huyaacha majani.

Majivu ya jikoni yafaa nyanya zinazozaa, kwa sababu yana potasi, na pia hupunguza ukali wa udongo. Ila yasichanganywe na yurea wala CAN mkononi, maana naitrojeni itapaa hewani kwa harufu kali. Mimi hutia majivu kwanza, kisha hungoja majuma mawili ndipo nitie mbolea.