Kasumba na Kilio cha Njiti

Kabla haijawa jina la fikra za kutawaliwa, kasumba ilikuwa jina la afyuni. Humo ndimo mkemia Mjerumani, Friedrich Sertürner, alimopata mofini mwanzoni mwa karne ya 19, akaiita kwa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani. Mkemia alikwenda kuazima jina kwa washairi.

Amani, Usambara Mashariki, ni mahali panapojua habari za dawa na kipimo. Wajerumani walipoanzisha pale taasisi yao ya utafiti mwaka 1902, walipanda misinkona. Na Vita Vikuu vya Kwanza vilipofunga njia za bahari, magome yake yakawapa askari wao kwinini. Uchungu ule huponya homa. Ukizidi, masikio huvuma. Mofini nayo ina kipimo, na kwa mtoto njiti kipimo hicho ni chembamba mithili ya uzi.

Ini huigeuza mofini, figo huitoa kwa mkojo. Lakini vichujio vya figo humaliza kuumbika karibu na wiki ya 36 ya mimba. Aliyezaliwa wiki ya 28 amekuja na kazi isiyokwisha: dawa hukawia mwilini mwake, ikarundikana. Mara nyingine hulegeza kibofu, mkojo ukazuilika. Yaweza pia kushusha shinikizo la damu, na figo zisizofikiwa na damu ya kutosha hazichuji.

Je, anyimwe? Hasha! Hadi miaka ya 1980 vichanga wengi walipasuliwa kwa dawa haba ya maumivu, kwa dhana kwamba hawahisi. Mwaka 1987, Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kuwa njiti waliopewa fentanili wakati wa upasuaji walistahimili vyema kuliko walionyimwa. Kilio kile kilikuwa kauli. Kilichokosekana ni msikilizaji.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwa maumivu madogo, kama ya sindano ya kisigino, ngozi ya mama kifuani na maziwa yake hutuliza pasipo kuzitwika figo mzigo. Kwa kisu havitoshi. Hapo mofini haina budi, kwa matone yaliyohesabiwa, na muuguzi akeshe akipima nepi kwenye mizani: uzito wa nepi iliyolowa ndio habari njema ya usiku huo.