Wapelelezi wa Kabla ya Magharibi

Oktoba 1697 merikebu ya vita ya Wareno, San Antonio de Tanna, ilizama chini ya kuta za Ngome ya Mombasa. Ilitoka Goa kuja kuwaokoa Wareno waliokuwa wamezingirwa humo na Waomani tangu Machi 1696, na haikuwaokoa. Ngome ilianguka Desemba 1698. Merikebu ikalala matopeni karibu miaka 280, mpaka 1977, wapiga mbizi walipoanza kuichimbua. Mimi wakati huo nilikuwa darasa la tano, nyumba yetu iko Kibokoni, katika Mji wa Kale, na kitabu nilichokuwa nikikisoma darini, mbali na macho ya wenye kunituma dukani, kilikuwa Five on a Treasure Island cha Enid Blyton.

Anayekijua kitabu hicho atanielewa. Kilitoka mwaka 1942. Ndugu watatu wanapelekwa likizoni kwa ami yao, pwani ya Uingereza, na huko wanamkuta binamu yao Georgina, ambaye ukimwita hivyo haitiki. Yeye ni George. Nywele amezikata, mashua anaivuta makasia mwenyewe, na kisiwa kilichoko mbele ya kwao anakihesabu chake. Siku moja tufani inaipandisha juu ya miamba merikebu iliyozama zamani, nao wanaiingia kutafuta habari za dhahabu ya mababu zake. Nikifika hapo nilikuwa nafunga kitabu, nateremka vichochoro hadi ufuoni chini ya Ngome, na merikebu yangu iko pale! Chombo cha wapiga mbizi kimetia nanga, watu wanaingia majini na mitungi ya hewa mgongoni, wanatoka na vitu mikononi. Sidhani kuna watoto wengi duniani waliowahi kusoma hadithi kama ile kisha wakainua macho wakaikuta mbele yao.

Kazi ile iliongozwa na Robin Piercy, mwanaakiolojia wa baharini, kwa ushirikiano na makumbusho ya Ngome hiyo, Fort Jesus, nayo ilikwenda kwa misimu hadi 1980. Hazina ya dhahabu haikutoka. Zilitoka kauri za Kichina, mitungi mikubwa ya udongo, risasi, chupa, vipande vya mbao vilivyochongwa. Mbavu za merikebu yenyewe ziliachwa chini, zikafunikwa tena na mchanga, kwa kuwa mbao zilizoloa karne tatu haziwezi kuanikwa juani zikabaki salama. Jambo hilo la mwisho lilinishughulisha kuliko dhahabu yote ya George. Watu wazima, wasomi, wameipata siri, wameitazama vizuri, wameiandika, kisha wameirudisha mahali pake.

Tulikuwa wasomaji watatu: mimi, binti wa jirani yetu, na mkubwa wetu, aliyekuwa darasa la saba. Vitabu tulivipata kwa wauzaji waliovitandika chini kando ya Barabara ya Digo, vimechakaa, kurasa za mwanzo zina majina ya watoto wa Kizungu waliokwisha kurudi kwao. Ukinunua kimoja na kukirudisha kizima, muuzaji alikupa kingine kwa nusu bei. Kimoja kiliweza kuzunguka Kibokoni mwaka mzima, kinanuka samli na mafuta ya nazi, ncha za kurasa zimekunjwa na vidole vyetu sote.

Kisha Nancy Drew akaingia, na urafiki wetu ukapata la kugombania. Vilikuwa vitabu vya Kimarekani vyenye majalada ya manjano. Nancy ana miaka 18, mama yake alifariki yeye bado mdogo, baba yake ni wakili anayemsikiliza kama mtu mzima mwenziwe, kazi za nyumbani zinafanywa na Hannah Gruen, na gari la buluu ni lake mwenyewe. Binti wa jirani alishikilia kuwa George ndiye shujaa wa kweli: anapiga makasia, anaogelea, haogopi giza la chini ya ngome. Mkubwa wetu alikataa. Alisema George anaona haya kuwa msichana, na Nancy haoni. Nancy huvaa gauni lake, huchana nywele zake, kisha huwafuata wezi kutafuta wasia uliofichwa. Ubishi huo tuliuendesha kwenye ngazi za nyumba yetu miezi na miezi, na mimi leo naegemea upande wa mkubwa wetu. Ujasiri unaomtaka msichana ajifanye mvulana kwanza umeshamnyima nusu ya ushindi. Na Anne, yule binamu mdogo wa George, ambaye kila wakipiga kambi huachiwa kuosha vyombo, alitusikitisha sote watatu. Tulimwona kila siku, jikoni kwetu. Vilevile tuliona, ingawa hatukuwa na maneno ya kulisema, kwamba wabaya wa Blyton mara nyingi walikuwa wageni, watu wa mahema, watu wenye nyuso za rangi isiyo ya Kiingereza. Tulivipenda vitabu hivyo tukijua kwamba katika kurasa zake sisi tungekuwa watu wa kushukiwa.

Lakini kilichotugusa zaidi kilikuwa kuuliza. Nancy huuliza. Humwuliza mwenye duka, humwuliza bibi kizee barabarani, huuliza nani alikuja na alitoka saa ngapi, na watu humjibu na kumshukuru. Mtoto wa kike wa Mji wa Kale akiuliza hivyo hufungwa mdomo palepale. "Huna haya! Mambo ya watu yakuhusu nini?" Hayo niliyasikia kwa nyanya, kwa shangazi, kwa majirani, mpaka nikayazoea. Ilikuwa ajabu kubwa kusoma habari za msichana ambaye tabia ileile iliyonifanya mimi nifinywe, yeye ilimfanya asifiwe.

Nyuma ya kwetu palikuwa na nyumba ya ghorofa iliyofungwa. Wenyewe walikuwa wamehamia Muscat. Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi, jamaa wengi wa Pwani wenye asili ya huko walifunga nyumba zao wakaondoka. Kufuli la mlango lilikuwa na kutu. Lakini baada ya isha, mwanga ulionekana kwenye dirisha la juu, unahama polepole kutoka chumba hadi chumba. Wavulana wakasema ni jini. Mkubwa wetu akasema, "Jini hanunui mafuta ya taa."

Alikuwa ameshachunguza. Alikuwa amesimama dukani siku kadhaa akijifanya anachagua uzi, akaona kijana wa nyumba inayopakana na ile iliyofungwa ananunua mafuta ya taa, chupa mbili kila mara. Na nyumba ya kina kijana yule ilikuwa na stima. Hakuna kurasa za Nancy Drew zilizonifurahisha kama sentensi yake hiyo moja.

Jibu kamili lilipatikana harusini. Hapa sina budi kueleza jambo ambalo hakuna mwandishi wa Uingereza wala wa Marekani angeweza kulijua. Msichana wa miaka kumi na moja katika Mji wa Kale ana ruhusa asiyokuwa nayo askari yeyote. Hutumwa kila mlango: uzi Biashara Street, sahani ya sambusa kwa shangazi, salamu kwa fundi cherehani. Hupita mbele ya baraza la wanaume na hakuna anayeshusha sauti. Hukaa jikoni kwa watu, hukaa miguuni pa wanawake wanaopakana hina, na wao husema yote, kwa kuwa yeye ni mtoto, hasikii. Kumbe anasikia. Usiku wa hina wa binti mmoja wa mtaani tulikaa kimya kwenye kona ya mkeka, na kabla chai haijaisha tulikwisha kujua: ndani ya ile nyumba alibaki mama mzee Mgiriama, aliyewalea watoto wa nyumba ile vizazi viwili. Tiketi yake ya ndege ilikuwa imekatwa, naye akakataa kupanda. Majirani walimfungulia mlango wa uani.

Nyanya alipojua kwamba tumejua, alitugombeza kama kawaida. Ijumaa iliyofuata akanikabidhi sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, imefunikwa kawa. "Shika. Mpelekee. Na msikae."

Tulikaa. Yule mama alitupokea kama watu waliochelewa. Ndiye aliyetusimulia habari za Mekatilili wa Menza, alizozipata kwa mamake mzazi: jinsi mwaka 1913 alivyozunguka vijiji vya Wagiriama akicheza ngoma ya kifudu na kuwalisha watu kiapo wasiwape Waingereza vijana wao wala kazi yao, jinsi, kama inavyosimuliwa, alivyomletea mkubwa wa serikali kuku mwenye vifaranga akamwambia ajaribu kuchukua kimoja, aone. Walimkamata wakampeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Akatoroka, akarudi Pwani kwa miguu, mamia ya kilomita, katikati ya misitu na watu asiojua lugha yao. Sisi tulikuwa tumehesabu maili za gari la Nancy, na mwanamke huyu alitembea nchi nzima akarudi kwao, na kwao kwenyewe ni hapo tu juu ya Kilifi. Shuleni hakuna aliyetutajia.

Vitabu vya Kiswahili vya upelelezi vilikuwepo, na vizuri. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake na Najum wake, tulimsoma katika Mzimu wa Watu wa Kale, na hakuna Mwingereza wa kunifanya nimsahau. Kaka zetu walipokezana Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, Willy Gamba akipigana kurasa nzima. Lakini ndani ya vitabu hivyo wanawake walikuwa wazuri, au wabaya, au wamekufa. Msichana anayefumbua fumbo hakuwamo.

Mwaka ule ule kazi ya kuizamia merikebu ilipomalizika, 1980, katika mahakama moja ya New York lilifumbuliwa fumbo lingine, nami nililijua baada ya miaka mingi. Carolyn Keene, ambaye jina lake lilikuwa juu ya kila kitabu cha Nancy Drew, hajapata kuwako. Edward Stratemeyer, mfanyabiashara wa vitabu vya watoto, ndiye aliyembuni Nancy, na vitabu vya kwanza vilitoka 1930, siku chache kabla hajafariki. Mwandishi hasa alikuwa Mildred Wirt Benson, binti wa Iowa, aliyeandika 23 kati ya 30 vya mwanzo, kwa dola 125 kwa kitabu hapo awali, bila fungu la mauzo, na kwa sharti la kunyamaza. Yeye mwenyewe alijifunza kuendesha ndege, na aliandika magazetini Toledo mpaka mwaka aliofariki, 2002, akiwa na miaka 96. Nyuma ya msichana yule asiyemwogopa mtu alikuwako mwanamke halisi, mwenye ujasiri uleule, aliyefunikwa jina. Ningetamani tungeliambiwa hilo tukiwa bado kwenye zile ngazi.

Lakini wakati huo ngazi zilikuwa zimeshapungua mtu. Mkubwa wetu alimaliza mtihani wa darasa la saba, akaambiwa amekuwa mwari, akavishwa buibui, na njia zake zikawa tatu: shule, chuoni na harusini, tena na mtu wa kumfuata. Sisemi haya kuwalaumu wazee. Walimlinda kwa namna waliyoijua, na buibui ninalivaa mimi mwenyewe hadi leo. Nasema kwamba vitabu vile viliandikwa kwa ajili ya umri wetu hasa, na kwetu umri huo ulikuwa mfupi mno. Nancy hakuzidi miaka 18 hata siku moja. Sisi kila Ramadhani ilipoingia tulikuwa tumesogea karibu na mlango kufungwa. Tuliendelea kumpelekea vitabu, ndani ya kikapu, chini ya mboga, naye alivirudisha na karatasi ndogo katikati: mwizi ni nani, na amemjua ukurasa wa ngapi.

Sasa naandika kitabu cha wasichana wa umri ule, kwa Kiswahili. Mpelelezi wangu hana gari wala kisiwa. Ana leso ya mamake, ana kikapu, ana muda kati ya alasiri na adhana ya magharibi, na fumbo lazima liingie humo. Mkubwa wetu anaishi Muscat kwa mwanawe, na kila nikimaliza sura namsomea kwa simu. Juzi alinikatiza katikati.

"Huyo mwanao atafikaje Likoni na kurudi kabla ya adhana? Feri waijua wewe?"

Nikamwambia fumbo linahitaji afike Likoni, barua iko huko.

"Basi mpe nyanyake msiba Likoni. Ende naye, akae na wanawake. Watamwambia barua iko wapi kabla hajauliza."

Sura nzima nimeiandika upya.