Mpira Unaorudi

Katika delta ya Rufiji, upande wa Kibiti, tope humfunza mtu mwendo: asiyejua pa kukanyaga huteleza. Kijana mmoja wa huko alihamia Dar es Salaam, akawa mbeba mikoba ya wacheza gofu. Kazi aliyoanza nayo ilikuwa kufuta tope usoni mwa fimbo.

Sababu aliijua baadaye. Weji, fimbo ya masafa mafupi, uso wake umelala nyuma, nao umechorwa mifereji myembamba. Ikiugusa mpira kabla ya kugusa ardhi, msuguano huuzungusha kinyumenyume. Mpira ukitua kwenye grini husimama, pengine hurudi. Tope au majani mabichi yakiingia kati, msuguano hupungua. Mpira hutua na kutokomea mbele. Wala nguvu si dawa ya kila pigo. Atakaye mpira utambae kidogo hupiga kwa upole, au huchagua fimbo ambayo uso wake haukulala sana.

Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mpunga wa mamaye ulikwenda na maji. Siku habari ilipomfikia, aliifuta weji mara tatu, akamkabidhi bwana wake. Mpira ukapaa, ukatua kupita shimo, ukarudi hatua mbili, ukatulia kando yake. Watu wakashangilia.

Yeye hakushangilia. Jioni alikwenda Mbagala, akauliza basi la Kibiti.