Chaneli Tisa

Jumatatu, 3 Februari 2025. Windsor, Kanada
Mzee kakubali kuhojiwa! Jumamosi saa nane mchana, kwake, na rekoda nije nayo. Kanizungusha tangu Krismasi, leo ndani ya lifti kasema mwenyewe, wala sijamuuliza. Nimefika ndani hata kupika nimeshindwa. Mkate na chai, basi.
Sasa hofu. Nitaanzia wapi? Mimi stesheni ile naijua kwa makaratasi: CKLW-TV, chaneli 9, hewani 16 Septemba 1954, Riverside Drive, Detroit ng'ambo ya mto. Yeye kashika kamera.

Jumanne, 4
Maktaba mpaka wakafunga. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kuwa miaka ile ya mwanzo Windsor ilitoa mahali tu. Pesa ya matangazo ya biashara Detroit, watazamaji wengi Detroit. Ikafika mahali wenye stesheni wakawa RKO General, kampuni ya Marekani. Mchana filamu za zamani, na Bill Kennedy, aliyewahi kuigiza Hollywood, anazisimulia na kupokea simu za watu. Nimepandwa na hasira. Hasira ya nini, na mimi mgeni hapa?
Halafu nikakutana na Swingin' Time. Robin Seymour na vijana wake wanacheza, waimbaji wa Motown wanavuka mto kuja kuimba upande huu. Nikatabasamu peke yangu pale mezani. Detroit ile, na muziki wake wote, inakuja kusimama mbele ya kamera za Windsor.

Jumatano, 5. Usiku
Sipati usingizi. 23 Julai 1967, Jumapili. Onyesho la Swingin' Time liko jukwaani Fox Theatre, Detroit. Mwimbaji Martha Reeves ndiye anayepewa kazi ya kuwaambia watu kuwa mji umechafuka kwa ghasia, warudi nyumbani taratibu. Nje moto. Watu wa huku wamesimama ukingoni wanaangalia moshi, mto tu katikati. Nawaza wale vijana wa kipindi: wiki ile ni nani alivuka, nani alibaki?
Nimwulize Mzee? Pengine hakuwa ameajiriwa bado. Nitamwuliza hata hivyo.

Alhamisi, 6
Theluji. Mama kapiga simu kutoka Tanga. "Mwanangu, umeacha kazi za watu unafuata habari za televisheni?" Nikamkumbusha mjomba juu ya bati, anazungusha antena kutafuta picha ya Kenya, sisi uani tunapiga kelele: hapo hapo! basi! aa, imepotea! Tanzania Bara hatukuwa na televisheni yetu mpaka 1994. Mama kacheka mpaka kakohoa. Akasema taarifa ya habari ya Kenya aliifuata kila siku, mawaziri wao aliwajua kwa majina, na kilichotokea Korogwe alikisikia kwa makondakta wa mabasi.
Nimeyaandika maneno yake haraka kabla hayajanitoka. Ndiyo habari yenyewe hiyo.

Jumamosi, 8
Nimerudi sasa hivi. Mikono bado inanitetemeka, sijui baridi au furaha.
Kanionyesha kitambulisho chake cha kazi. Plastiki imegeuka njano, pembe moja imemeguka, picha ina masharubu meusi tii. Kakiweka mezani kati yetu, na muda wote anaongea kidole kinapita pale palipomeguka.
Nilidhani ataanza na 5 Desemba 1990, siku CBC, shirika la utangazaji la Kanada lililokuwa na stesheni hiyo, ilipotangaza kupunguza watu 1,100 nchi nzima na taarifa ya habari ya Windsor ikafutwa. Wala. Kaanza na hali ya hewa. "Ramani zao za Detroit zilikuwa zinaishia mtoni," kasema. Upande huu rangi moja tu, kama hapaishi mtu. Joto wanakutajia kwa Fahrenheit. Dhoruba inakuja, na hakuna wa kukuambia kama mabasi ya shule ya kaunti ya Essex yatatoka asubuhi. Stesheni za Detroit tele, moto ukiwaka mtaani kwako unaambiwa na jirani.
Watu walijaa barabarani kwa maelfu kuidai taarifa ya habari. Jioni. Kasema neno moja, "baridi," akanyamaza, akaenda kuweka maji ya chai. Taarifa ilirudi 1994. Yeye hakurudi. Sikumwuliza kwa nini.
Kuhusu 1967 kasema alikuwa shule. Babake alimbeba mabegani akaona.

Jumapili, 9
Nimepanga tarehe sakafuni, karatasi kwa karatasi. Serikali ya Kanada ikaweka sheria kwamba mgeni asizidi asilimia 20 ya umiliki, RKO ikalazimika kuuza. 1970 ikaenda kwa kampuni ya Baton na CBC. 1975 CBC ikaichukua yote, jina likawa CBET. Nilitaka nishangilie hapo. Lakini haki za vipindi vya Marekani zilishanunuliwa na stesheni za Detroit, kwa hiyo baadhi ya vipindi Toronto wanaviona, Windsor wanawekewa kingine. Sheria imewarudishia nyumba, soko limewafungia jiko.
Na Machi 2020, korona, taarifa za mikoa zikasimamishwa tena. Watu wamefungiwa ndani, mpaka umefungwa, na taarifa ya jioni hakuna! Zilirudi baadaye, sawa. Lakini wanaokaa mbali wakitafuta pa kukata, mkono unakwenda kwa hawa hawa. Hilo siwezi kulimeza.

Jumatatu, 10
Mzee kanigongea mlango asubuhi, kavaa koti juu ya pajama. Kakumbuka mtu: mama mmoja Detroit, kwake chaneli 9 haijawahi kuzimwa tangu utoto. Sasa anaipata 9.1 kwa antena ndogo ya dirishani. Jumamosi hoki, jioni taarifa ya Windsor, na ramani yetu ya mvua anaiamini kuliko yao!
Lazima nimpate huyu. Ila siwezi kuvuka, karatasi zangu bado ziko ofisi ya uhamiaji. Nimeshinda na donge kooni, Detroit yote hiyo hapo dirishani.

Baadaye
Atakuja yeye! Alhamisi, basi la handaki la chini ya mto, la saa nne. Mzee kamwambia mimi napika pilau. Bizari nyembamba imekwisha, na betri za rekoda pia.